Taa ya chek injini inayowaka na kuzima: ikamate hitilafu kabla ya kununua kifaa

Taa ya chek injini ikiwaka na kubaki imewaka, kazi si ngumu: tatizo lipo muda wote, fundi akipima analikuta. Inayosumbua ni ile inayowaka leo ukiwa njiani, kesho asubuhi haipo, na ukifika gereji gari linaunguruma vizuri kana kwamba halijawahi kuugua. Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Fundi anasoma namba moja kwenye mashine, anataja sensa, sensa inanunuliwa, taa inatulia wiki moja, kisha inarudi. Mara nyingi sensa iliyotolewa ilikuwa nzima. Hitilafu ya kuja na kuondoka hukaa zaidi kwenye maungio, yaani soketi, pini, waya na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri), kuliko ndani ya kifaa chenyewe, na maungio hayajulikani kwa kusoma namba peke yake. Inabidi uyakute yakiwa yanakosea.

Maelezo haya yanalenga magari madogo ya petroli ya Toyota yanayotoka Japani yakiwa yametumika, hasa yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497: IST, Probox, Raum, pamoja na Premio na Allion za 1.5. Kwa gari jingine utaratibu ni huu huu, ila vipimo vya sensa utavitafuta kwenye kitabu cha gari hilo.

Kwa nini taa huzima yenyewe

Kompyuta ya injini haiwashi taa kwa kila kosa. Kwa hitilafu nyingi husubiri ione kosa lile lile katika safari mbili zinazofuatana. Safari ya kwanza huandika namba ya muda bila kuwasha taa. Kosa likijirudia safari ya pili, taa huwaka. Baada ya hapo, safari tatu mfululizo zikipita bila kosa, taa huzima, lakini namba hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate joto la kazi na kupoa mara 40 bila kosa kurudi. Kwa mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, hizo ni kama wiki tatu.

Kwa hiyo taa kuzima si ishara kwamba gari limepona. Na una wiki kadhaa za kufuatilia ushahidi ambao tayari umeandikwa, mradi asitokee mtu akaufuta. Kuchomoa terminali ya betri "ili taa iondoke" ndiko kunakoharibu kazi yote: kwenye magari mengi namba zinafutika, picha ya tukio (hali ya injini kosa lilipotokea) inafutika, na kompyuta inasahau pia marekebisho ya mafuta na ya sailensa (injini inapounguruma bila kukanyagiwa mafuta) iliyojifunza kwa miezi. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, na sasa una malalamiko mawili badala ya moja.

Kuna kosa ambalo kompyuta hailisubirii. Taa ikipepesa, yaani inawaka na kuzima haraka haraka huku injini inamisi (silinda inakosa kuchoma mafuta yake), petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya ekzozi (kisafisha moshi, catalytic converter) na kuungulia humo. Masega hupata joto la kuyayeyusha. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mzigo, zima AC, na ukiona inaendelea kupepesa egesha. Taa iliyotulia bila kupepesa, joto likiwa sawa na taa ya oili haijawaka, inakuruhusu kufika nyumbani.

Siku inapowaka, andika

Kabla ya kifaa chochote, chukua daftari au simu. Mazingira ya tukio ni nusu ya jibu, na hakuna mashine itakayokuuliza kama mvua ilikuwa inanyesha. Andika: injini ilikuwa ya baridi au imeshapata joto, ulikuwa umetembea muda gani, mwendo wa spidi na mizunguko ya injini, unapanda mlima, unashuka au umesimama kwenye foleni, AC na taa kubwa zilikuwa zimewashwa au la, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tanki na ulijaza lini, gari lilioshwa lini, na kama injini nayo ilipigwa maji. Andika pia ulichohisi: kukosa nguvu, kutetemeka, kuzima ghafla, au hakuna chochote.

Ukipata matukio matatu au manne, mpangilio hujitokeza. Taa inayokuja asubuhi ya baridi na kuondoka injini ikipata moto inaelekeza kwenye hewa ya wizi (isiyopita njia yake halali) kupitia mipira iliyokauka, au sensa ya joto la maji. Inayokuja baada ya nusu saa ya barabara kuu, na gari likipumzishwa inaondoka, ni kifaa kinachofeli kwa joto: sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), koili (inayozalisha umeme wa plagi), mara nyingine pampu ya mafuta. Ya siku za mvua au siku baada ya kuosha injini ni maji kwenye soketi au kwenye visima vya plagi. Ya kwenye matuta na barabara ya makorongo ni waya au ethi iliyolegea. Inayokuja tu tanki likiwa chini ya robo na gari likipanda mlima, anza na pampu na uchafu wa chini ya tanki.

Soma namba, usifute

Soketi ya kupimia iko chini ya dashibodi upande wa dereva, juu ya pedali. Ina pini 16. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mfumo wa kupima uliosanifiwa, OBD-II, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo lina soketi ya umbo lile lile, lakini mengi hayazungumzi lugha ile. Ndiyo maana kile kifaa kidogo cha bluetooth cha ELM327 kinaunganika vizuri na gari la jirani na kinakataa kwenye IST ya 2003. Kifaa si kibovu wala kompyuta ya gari haijafa. Unahitaji mashine yenye programu ya Toyota za Japani.

Mashine ikikataa hata kuwaka, pima umeme kwenye pini namba 16. Pasipo volti za betri, angalia fyuzi iliyoandikwa OBD.

Kama mashine haipatikani, Toyota nyingi za kipindi hicho zinaweza kukupa namba kwa kupepesa taa. Zima gari. Unganisha pini namba 13 na namba 4 za soketi kwa kipande cha waya. Hesabu pini kwa makini: 1 hadi 8 ziko safu ya juu kutoka kushoto, 9 hadi 16 safu ya chini kutoka kushoto, ukiitazama soketi uso kwa uso. Namba 16 ina umeme wa moja kwa moja wa betri. Ukiigusisha na 4 unaunguza fyuzi. Kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ikipepesa kwa mwendo mmoja usiobadilika, takriban mara mbili kwa sekunde, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31, upande wa sensa ya kupima hewa. 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto. Taa za ABS na airbag nazo zitapepesa wakati huo. Ziache, ni waya ule ule unaozihusu.

Ukiwa na mashine kamili, pitia sehemu tatu na kuzipiga picha kwa simu: namba zilizohifadhiwa, namba za muda zilizoandikwa Pending, na frizi fremu. Mafundi wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Kwa taa ya kuja na kuondoka, Pending ina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa inakuonyesha kosa la jana ambalo bado halijatimiza masharti ya kuwasha taa.

Namba ikishapatikana, isome kama anwani. P0335 haisemi "nunua sensa ya kranki". Inasema: ishara ya sensa ya kranki haikufika kwenye kompyuta. Kati ya sensa na kompyuta kuna soketi mbili, nyaya mita kadhaa na ngao ya waya, na popote hapo panaweza kukata.

Zikitoka namba nyingi kwa pamoja za sensa zisizohusiana, usifikirie kwamba zote zimekufa siku moja. Tafuta kinachozikutanisha: ethi moja, fyuzi moja, au umeme wa volti 5 ambao kompyuta huzigawia sensa. Sensa moja tu ikipiga shoti ndani inaivuta chini ile volti 5 na wenzake wote wanaonekana wabovu. Chomoa sensa moja moja huku ukipima. Volti 5 ikirudi ghafla, umempata.

Frizi fremu: picha ya sekunde ile

Kompyuta inapohifadhi namba, hupiga pamoja nayo picha ya hali ya injini: mizunguko, spidi, joto la maji, mzigo, na marekebisho ya mafuta. Soma picha hii polepole, ukiilinganisha na daftari lako.

Tuseme namba ni P0171, mchanganyiko wenye mafuta machache kuliko hewa. Picha ikionyesha mizunguko 700, spidi 0, joto la maji nyuzi 45, na marekebisho ya muda mrefu (LTFT) ya +22%, kosa limetokea gari limesimama na injini bado haijachemka. Hewa inaingia kwa njia ya wizi. Ufa uleule kwenye mpira unaathiri sana injini ikiwa sailensa, ambapo hewa inayohitajika ni ndogo. Ukikanyaga mafuta hewa halali inaizidi ile ya wizi na kosa linafifia. Lakini picha ikisema mizunguko 3,200, spidi 90, mzigo mkubwa, joto 88, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapo mafuta ndiyo hayatoshi, au sensa ya hewa inadanganya kwa kusoma kidogo. Namba ni moja, njia za kufuata ni mbili zinazoachana, na mtu aliyesoma P0171 bila picha atapoteza siku nzima kwenye njia isiyo yake.

Angalia pia joto la hewa na la maji. Gari lililolala usiku kucha likiwashwa asubuhi, namba hizi mbili zinapaswa kukaribiana, tofauti ya nyuzi chache tu. Maji yakisomeka −40 kwenye asubuhi ya Dar es Salaam, waya wa sensa ya joto umekatika au soketi imeachia kwa muda, maana hiyo −40 ndiyo kompyuta husoma inapokosa mawasiliano kabisa.

Betri na ethi, kabla ya sensa yoyote

Kazi hii ni ya dakika kumi na mita ya kawaida. Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6; ikishuka chini ya 12.2 ichaji kwanza. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiunguruma, taa kubwa, feni na AC vikiwa vimewashwa, ibaki kati ya 13.5 na 14.5. Altaneta inayochaji kwa kurukaruka huizalishia kompyuta makosa ya ajabu ambayo hayana uhusiano na sensa yoyote.

Kisha ethi. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mwekundu wa mita uguse chuma cha injini chenyewe, mweusi uguse nguzo hasi ya betri, siyo klempu yake. Mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.5, ethi kati ya injini na betri ni mbovu. Rudia injini ikiunguruma na vifaa vimewashwa: hapa hata volti 0.2 ni nyingi. Fungua boliti za ethi, nyingi hutumia spana namba 10 au 12, sugua pete ya waya na chuma mpaka ving'ae, kaza. Kuna mtindo wa kupaka grisi nyingi katikati ya chuma na pete. Ipake juu baada ya kukaza, isiingie katikati.

Kagua kwa macho na mikono

Zima injini, ipoe, chukua tochi. Fuata waya kutoka kifaa kilichotajwa na namba mpaka unapopotelea. Unatafuta waya uliosuguliwa na chuma, uliokaa karibu na ekzozi, uliotafunwa na panya, au uliowahi kukatwa na kuungwa kwa kusokota na selotepu. Pale fundi wa alamu au wa redio alipopita, pachunguze mara mbili.

Chomoa soketi. Usivute nyaya, bonyeza kishikio uvute plastiki. Tazama ndani kwa tochi. Pini nzima inang'aa kama bati jipya. Pini iliyoanza kuoza ina unga wa kijani au weupe kwenye mzizi wake, na mpira wa kuzuia maji utaukuta umebanwa upande mmoja au haupo. Kuna kosa gumu zaidi kuonekana: pini ya kike iliyopanuka. Safi, haina kutu, lakini haibani tena. Tafuta pini ya kiume ya ukubwa ule ule kutoka soketi ya zamani, iingize na kuitoa polepole kwenye kila tundu. Utahisi msuguano. Tundu linaloikubali pini bila kuishika ndilo linalokata mawasiliano gari likipita kwenye tuta. Pini hupanuka kwa sababu watu wanaichokonoa kwa ncha nene ya mita; ukitaka kupima, ingiza sindano nyembamba kutoka nyuma ya soketi, sambamba na waya. Kutoboa ngozi ya waya kwa sindano nako kuache, kwa kuwa unyevu utaingia kwenye kile kitundu na baada ya miezi shaba itaoza ndani.

Jaribio la kutikisa

Hapa ndipo hitilafu nyingi za aina hii hukamatwa. Washa injini, iache sailensa. Kwenye mashine fungua data za moja kwa moja na uchague sensa moja tu inayohusika, ioneshe kama mchoro, siyo kama namba. Namba hubadilika haraka kuliko jicho, mchoro huacha alama. Halafu, kwa mkono mmoja, shika waya sentimita kumi kutoka kwenye soketi, uutikise taratibu juu chini, kushoto kulia. Soketi yenyewe isukume na kuivuta kidogo. Songa mbele sentimita kumi nyingine. Endelea mpaka kwenye ukuta wa boneti waya unapoingia ndani.

Mchoro ukiruka, au injini ikitikisika, simama hapo hapo. Rudia mara tatu. Ikijirudia kila ukigusa sehemu ile, umekamata. Usitikise fungu zima la nyaya kwa nguvu, maana unaweza kuirudisha pini mahali pake na hitilafu ikajificha mwezi mzima. Weka mikono, mikono ya shati na waya za mashine mbali na feni na fani belti. Feni ya rejeta inawaka yenyewe bila kukuarifu.

Bila mashine, fanya jaribio hilo swichi ikiwa imezimwa, mita ikiwa kwenye omu, ncha moja upande wa sensa na nyingine upande wa kompyuta. Waya mzima husoma chini ya omu 1 na haubadiliki ukiukunja.

Joto na maji

Kama taa huja injini ikiwa ya moto, mfanye mshukiwa awe wa moto. Mashine ya kukaushia nywele inatosha: ielekeze kwenye koili au sensa dakika tatu hadi tano huku mchoro uko wazi. Sensa ya kranki ya aina ya sumaku ipime omu ikiwa ya baridi, kisha mara tu gari linapozima njiani. Ukikuta baridi inasoma vizuri na ya moto inasoma waya uliokatika, huna haja ya kutafuta zaidi. Gari linalozima ghafla barabarani, mshale wa mizunguko unaanguka sifuri ingali inabiringika, kisha linawaka baada ya dakika ishirini za kupoa, ni mfano wake. Kwenye 1NZ-FE sensa hii iko chini karibu na puli ya kranki, mahali panapopata joto, oili na matope kwa pamoja.

Sensa ya joto la maji nayo hupimwa hivyo. Kwenye Toyota hizi ni takriban omu 2,300 hadi 2,600 kwa nyuzi 20, na hushuka hadi karibu 310 hadi 330 kwa nyuzi 80. Itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Omu zishuke taratibu bila kuruka.

Kama taa huja na mvua, chukua chupa ya kupulizia maji, yenye maji safi na chumvi kidogo sana. Injini ikiunguruma, pulizia mvuke mwembamba kwenye koili moja, subiri dakika, kisha inayofuata. Koili yenye ufa itaanza kumisi. Usiku, kwenye giza, utaona hata cheche ya bluu ikiruka nje. Usipulizie altaneta wala kisanduku cha fyuzi.

Njia fupi kwa namba zinazojirudia zaidi

Injini kumisi, P0300 hadi P0304. Tarakimu ya mwisho ni silinda, isipokuwa P0300, ambayo haitaji silinda moja. Kila silinda ya 1NZ-FE ina koili yake juu ya plagi, kwa hiyo jaribio ni la bure: koili ya silinda 1 ihamishie silinda 3, endesha. Namba ikihama kutoka P0301 kuwa P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0301, hamisha plagi. Ikibaki tena, fikiria nozeli (ya kupulizia mafuta), waya wa koili, na mwisho kompresheni. Ukiichomoa koili, tazama mpira wake mrefu: mstari mweupe au mweusi kama ufa wa nywele unaoteremka ubavuni ni njia ya umeme uliovuja. Mpira uliolowa oili unamaanisha sili za visima vya plagi kwenye tapeti kava zimekauka. Ukibadili koili bila kubadili hizo sili, mpya itakufa vile vile. Nafasi ya plagi ni milimita 1.1 kwa zile za kawaida za injini hii. Plagi za iridiamu usizigonge kurekebisha nafasi, ncha yake huvunjika.

P0171. Angalia LTFT na STFT (marekebisho ya muda mfupi) kwa pamoja, sailensa na kwenye mizunguko 2,500. Jumla yake ikiwa ndani ya ±10% ni sawa. Ikiwa juu sana sailensa na ikashuka kwenye 2,500, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, hasa mikunjo ya bomba la baada ya eklina (kisanduku cha kichujio cha hewa), ambayo hupasuka upande wa chini usioonekana. Kagua pia mipira midogo ya hewa. Gasketi ya manifodi. Ikiwa inazidi ukikanyaga, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, pulizia tu bila kugusa waya wake, iache ikauke dakika kumi. Dawa ya kusafishia kabureta isitumike hapo. Sailensa, injini ya cc 1,500 ikiwa ya moto husoma karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Tatizo likibaki, pima presha ya mafuta: 304 hadi 343 kPa. Filta ya mafuta ya magari haya imo ndani ya tanki pamoja na pampu, na yapo magari yaliyotembea miaka kumi na mitano bila mtu kuigusa.

P0135, hita ya sensa ya oksijeni. Omu 11 hadi 16 kwenye nyaya mbili za hita, sensa ikiwa ya baridi. Zikiwa sawa, fuata fyuzi na waya unaopita karibu na ekzozi.

P0420 (masega hayasafishi ipasavyo) ya mara moja moja, usikimbilie masega. Kwanza maliza kumisi yoyote na uvujaji wa ekzozi kabla ya sensa ya oksijeni ya nyuma, kwani tundu dogo huvuta hewa na kuidanganya. Kuyatoa masega hakuponyi chochote. Taa itawaka moja kwa moja na moshi utakaotoka ni sumu kwa walio nyuma yako.

Ushauri wa "kaza kifuniko cha tanki" unaosambaa sana umetoka kwa magari ya soko la Marekani, yenye mfumo wa kupima mvuke unaovuja tankini. Mengi ya yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana kipimo hicho. Kaza kifuniko, sawa, lakini usitegemee taa kuondoka kwa hilo.

Kompyuta yenyewe iwe mshukiwa wa mwisho kabisa, na dalili yake kubwa ni maji: soketi zake zikiwa na alama ya unyevu au kutu.

Kutengeneza na kuthibitisha

Waya uliokatika uunge kwa kulehemu na risasi, uvike mpira unaobana kwa joto, kisha ufunge fungu lisichezecheze. Pini iliyopanuka ibadilishwe. Kuibana kwa koleo hudumu wiki chache. Sensa ya kununua, kama kipimo kimethibitisha kwamba imekufa, iwe halisi hata kama ni iliyotumika, kuliko mpya ya bei ya kutupa. Sensa feki ya kranki huleta namba ile ile uliyoikimbia, na sasa hujui umshuku nani.

Ni sasa tu ndipo unafuta namba. Piga picha ya skrini kabla. Kisha rudi kwenye daftari: kama taa ilikuja baada ya nusu saa ya barabara kuu AC ikiwa imewashwa, endesha hivyo hivyo, nusu saa, AC imewashwa. Fanya safari mbili angalau, injini ikipoa kabisa katikati, kwa sababu ya ile sheria ya safari mbili. Baada ya kila safari soma Pending, hata taa ikiwa haijawaka. Mtu mwingine ndiye ashike mashine wakati gari linatembea. Dereva aangalie barabara.

Pending ikibaki tupu kwa safari tatu za mazingira yale yale, mrudishie mwenye gari funguo. Ikitokea namba mpya isiyokuwepo mwanzo, anza na soketi ya mwisho uliyoigusa.